Kilo zilizoandikwa na kilo za kweli: historia ya kupima nguvu ya mkono

Kuna kibanio cha mazoezi ya mkono ambacho wapenzi wa michezo ya nguvu wanakiogopa na kukitamani. Ni mishikio miwili ya chuma na resori moja juu yake, basi. Kazi ni kukikamua kwa mkono mmoja mpaka mishikio igusane. Kampuni inayokitengeneza inasema kinadai ratili 280, yaani kilo 127. Lakini ukifunga mshikio mmoja kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wa magari wanaiita etau, kisha ukatundika uzito kwenye mshikio wa pili kidogo kidogo, kibanio hichohicho kinafungika kwenye ratili 150 hivi, karibu kilo 68. Resori ni ileile, chuma ni kilekile, na namba ya kwanza inakaribia kuwa mara mbili ya namba ya pili.

Mwenye kununua anauliza nani anadanganya. Swali hilo ni la zamani kuliko kibanio chenyewe. Tangu zaidi ya miaka 200 watu wanabishana juu ya kilo za mkono, na katika ubishi huo kuna wagonjwa, wafanyakazi waliovunjika mikono, na hata mataifa mazima yaliyoandikwa vitabuni kuwa ni dhaifu.

Mwanzo wa yote ni resori. Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke alichapisha herufi 14 zilizochanganywa ovyo, ili mtu asimwibie wazo lake kabla hajalieleza. Mwaka 1678 akazipanga: resori inanyooka au kukunjika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Uzito ukiongezeka mara mbili, nayo inavutika mara mbili, mradi usiizidishie mpaka ikaharibika. Mizani ya kutundika inayopimia nyama au samaki sokoni inafanya kazi kwa sheria hiyo. Na muuzaji yeyote anajua siri yake: resori ikichoka, au sindano ikihamishwa kidogo, kilo inabaki na jina lake lakini nyama inapungua.

Mfaransa Edme Régnier, fundi wa silaha na vyombo, ndiye aliyegeuza resori kuwa kipimo cha mtu. Mwanasayansi mashuhuri Buffon na rafiki yake Guéneau de Montbeillard walitaka kujua nguvu za binadamu zinaongezeka mpaka umri gani, na zinaanza kushuka lini. Kule London mtengeneza saa George Graham alikuwa amekwisha kubuni mashine ya kazi hiyo, ila ilikuwa kubwa na nzito, haichukuliki safarini. Régnier akakunja chuma cha pua kikawa na umbo la yai refu. Ukikikamua mbavuni, sindano inatembea juu ya sahani yenye alama. Alikieleza mwaka 1798 katika jarida la shule kuu ya Polytechnique ya Paris, akakiita dinamometa. Kiliweza kupima mikono, mgongo, hata farasi anayevuta mzigo. Sahani yake ilikuwa na mistari miwili ya namba, mmoja wa mvuto mkubwa, mwingine wa mikono.

Kilo yenyewe wakati huo ilikuwa mtoto mchanga. Sheria ya Ufaransa iliyoitaja ni ya mwaka 1795, na kile chuma cha platini kilichowekwa kuwa kilo ya mfano ni cha 1799. Kwa hiyo dinamometa ilizaliwa pamoja na kipimo chake, na watu wakaiamini haraka, labda haraka mno.

Oktoba 1800 meli mbili za Ufaransa, Géographe na Naturaliste, ziliondoka Le Havre chini ya kapiteni Nicolas Baudin, kwenda kuchunguza pwani za Australia. Ndani yake alikuwemo kijana mmoja, François Péron, aliyebeba dinamometa ya Régnier. Alipofika Tasmania, Australia na Timor, aliwapa wenyeji kile chuma wakamue, akaandika. Kisha akawapima Wafaransa wa melini na Waingereza aliowakuta huko. Kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1807. Humo watu wa Tasmania walipewa kilo 50 na kitu, Wafaransa kilo 69, Waingereza 71. Péron akatoa hukumu: wale wanaosema mtu wa porini ana nguvu kuliko mtu wa mjini wanajidanganya, kwa sababu chombo kimesema kinyume.

Msomaji asimame hapo kidogo. Waliopimwa walikuwa wachache sana. Wafaransa walijua kile chuma ni cha nini, na walijua maana ya kushindana na mwenzako mbele ya sindano. Mtu wa Tasmania alipewa na mgeni asiyemjua kitu asichowahi kukiona, akaambiwa kwa ishara akikamue. Alikamua kwa nguvu zake zote au alikigusa tu ili mgeni aondoke? Sindano haisemi. Mkono wake ulikuwa na ukubwa gani, alikishika wapi, alikuwa amekula siku hiyo? Péron alikuwa na namba, na namba ikafanya kazi ya ushahidi. Mwaka 1803 Waingereza walianza kukaa Tasmania, na ndani ya kizazi kimoja wenyeji wakakaribia kumalizika. Namba zao zilibaki vitabuni zikinakiliwa.

Aliyeanza kuitilia shaka dinamometa kwa utaratibu alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mwanahesabu na mtazama-nyota wa Bruxelles. Katika kitabu chake cha 1835 juu ya binadamu, alipima Wabelgiji wa umri mbalimbali, wanaume na wanawake, kwa chombo cha Régnier. Hesabu zake hazikulingana na za wenzake. Akaona sababu moja ambayo leo mtoto wa shule angeielewa: mikono haifanani. Mwenye mkono mdogo hawezi kuzungusha vidole vizuri kwenye chuma kipana, na hivyo anapoteza kilo ambazo kweli anazo. Ikiwa umbali kati ya pande mbili za chombo haulingani na mkono, unachopima ni mkono na chombo kwa pamoja, wala huwezi kujua kipi kimechangia nini.

Onyo hilo halikusikilizwa sana. Mazoea ya kupima miili na kupanga watu kwa namba yaliendelea karne nzima, na wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi hawahitaji kuelezwa yalifika wapi wakati wa utawala wa Wabelgiji, pale pua na vichwa vilipopimwa kwa milimita. Mwaka 1884, kwenye maonyesho ya afya ya London, Francis Galton alifungua chumba cha vipimo ambamo watu 9,337 walipita, kila mmoja akilipa senti tatu za Kiingereza ili apimwe urefu, macho, pumzi na nguvu ya kukamua. Walifurahi. Kila mtu anapenda kujua namba yake.

Wanganga wa Paris nao walikuwa na dinamometa ndogo ya yai inayoenea kiganjani, ya mtengenezaji Collin. Ilikuwa rahisi kubeba lakini ilichoma mkono, na mgonjwa aliacha kukamua kwa sababu ya maumivu kabla nguvu hazijaisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Smedley, aliyekuwa akichunguza watoto wa shule za Chicago, alitumia chombo chenye mshikio unaosogezwa ili ulingane na mkono wa mtoto. Hapo neno la Quetelet lilikuwa limepata chuma chake.

Jambo likawa la feza huko California, katika miaka ya 1950. Mfanyakazi aliyeumizwa mkono kazini alipaswa kulipwa kwa kadiri ya nguvu alizopoteza. Lakini zilipotea ngapi? Munganga mmoja ana chombo hiki, mwingine ana kile. Mtu huyohuyo anaweza kupimwa asubuhi akaonekana amepoteza robo ya nguvu, na jioni kwa chombo kingine akaonekana amepoteza nusu. Kwa tajiri na kwa bima, tofauti hiyo ni pesa. Kwa mtu ambaye kidole chake kilibaki kwenye mashine, ni chakula cha watoto. Kamati ya wanganga wa jimbo hilo ikachunguza vyombo vilivyokuwepo, ikapendekeza kimoja kipya, Jamar.

Jamar haitegemei resori. Ndani yake kuna mafuta yaliyofungiwa, kama kwenye breki ya gari. Ukikamua, mafuta yanasukuma sindano, na mshikio wenyewe karibu hautembei. Mwaka 1954 munganga Bechtol alieleza faida yake kubwa: mshikio una nafasi tano, moja mbele ya nyingine kwa sentimita 1.3 hivi, ili kila mkono upate mahali pake. Watu wengi wanatoa nguvu kubwa zaidi kwenye nafasi ya pili au ya tatu. Jambo hilo lilisaidia hata kumjua anayejifanya mgonjwa: mtu anayekamua kwa kweli, namba zake zinapanda halafu zinashuka anapobadilisha nafasi, anayeigiza, mara nyingi namba zake zinabaki bapa. Baadaye chama cha wataalamu wa tiba ya mikono cha Marekani kiliweka utaratibu: mgonjwa akae, kiwiko kikunjwe pembe mraba, nafasi ya pili, akamue mara tatu, uchukuliwe wastani. Na chombo kipelekwe kuhakikiwa kwa uzito unaojulikana, maana mafuta nayo huvuja.

Zahanati isiyo na Jamar inaweza kukunja ule mfuko wa kupimia damu, kuujaza hewa kidogo na kumwambia mgonjwa aukamue. Wanganga wa viungo wamefanya hivyo miaka mingi. Inasaidia kufuata mgonjwa mmoja wiki kwa wiki. Lakini namba inayotoka ni ya msukumo wa hewa, milimita za zebaki, wala siyo kilo, na mwenye kiganja kikubwa anatawanya nguvu zake juu ya eneo kubwa. Kumlinganisha na mtoto wake kwa kipimo hicho ni kumwonea mmoja wao.

Kwa nini kilo chache zina uzito hivyo? Mwaka 2015 jarida la wanganga The Lancet lilichapisha uchunguzi uitwao PURE, wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Afrika Kusini, Zimbabwe na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walipimwa kwa Jamar, wakafuatwa kwa miaka minne hivi. Kila nguvu ya mkono iliposhuka kwa kilo 5, hatari ya kufa ilikuwa juu zaidi kwa asilimia 16. Ilitabiri kifo vizuri zaidi kuliko presha ya damu ya juu. Siyo kwamba mkono dhaifu unaua. Mkono ni dirisha la kuchungulia mwili mzima. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019, wanaanza kushuku kupungua kwa misuli kwa mwanaume aliye chini ya kilo 27 na mwanamke aliye chini ya 16. Chombo kinachokosea kilo 5 kinaweza kumpeleka mzima kwenye orodha ya wagonjwa, na mgonjwa kumrudisha nyumbani.

Hospitali zilikuwa zimekubaliana namna ya kupima. Upande wa michezo mambo yalibaki kama soko lisilo na mkaguzi.

Vibanio vya resori vilikuwepo tangu zamani, vingi vikiwa laini. Kampuni ya IronMind ya California, iliyoanzishwa na Randall Strossen mwaka 1988, ndiyo iliyovifanya kuwa mashindano, kwa kuuza vibanio vigumu vyenye namba: 1, 2, 3, 4, chini ya jina Captains of Crush. Namba 1 iliandikwa ratili 140, namba 2 ratili 195, namba 3 ratili 280, namba 4 ratili 365. Anayefunga namba 3 mbele ya shahidi anaandikwa jina. Richard Sorin alikuwa wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Namba 4 ilikaa bila mtu mpaka 1998, Joe Kinney alipoifunga. Katika sheria za sasa, kabla ya kukamua, mwamuzi anapitisha kadi ya benki kati ya mishikio kuhakikisha kwamba mtu hakuanza karibu mno na mwisho.

Tatizo lilionekana watu walipoanza kumiliki zaidi ya kimoja. Mtu anafunga namba 3 yake nyumbani, anaenda kwa rafiki, namba 3 ya rafiki haimkubali. Vyote viwili vimeandikwa ratili 280. Ndipo wengine wakaingia karakana, wakafunga mshikio mmoja kwenye jiliwa, wakavalisha mkanda kwenye ncha ya mshikio mwingine, wakatundika sahani za chuma za mazoezi mpaka mishikio ikagusana. Njia hiyo wenyewe waliipa jina la mzaha, kama vile kusema kipimo cha watu wa shambani, nayo inajulikana kwa herufi RGC. Namba 3 nyingi ziliangukia kati ya ratili 140 na 160. Namba 2 zilikuwa juu kidogo ya 100.

Kuhusu vibanio kutofanana, lawama ni ya waya. Ugumu wa resori ya aina hii unategemea unene wa waya wake mara nne, yaani unene ukizidishwa kwa wenyewe, tena na tena. Waya wa milimita 7 ukizidi kwa asilimia moja tu, sehemu saba za mia za milimita, jicho halioni, lakini resori inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 4. Kwenye kilo 68 hiyo ni karibu kilo 3. Ongeza mishikio iliyopigiliwa ndani zaidi au kidogo, na resori mpya ambayo bado haijalegea kwa matumizi, utaelewa kwa nini ndugu wawili wa kiwanda kimoja hawalingani.

Kuhusu 280 na 150, jibu ni tofauti, na linamwondolea kampuni tuhuma nzito. Resori inayosokotwa haina kilo moja ya kweli. Ina nguvu ya kugeuza, na kilo zinategemea unasukuma umbali gani kutoka kwenye resori. Anayefungua mlango kwa kusukuma karibu na bawaba analijua hilo begani. Tuseme kibanio kinafungika kwa kilo 68 zilizotundikwa sentimita 10 kutoka kwenye resori. Zidisha: 680. Sasa hamisha mkanda mpaka sentimita 5.35. Itakubidi kutundika kilo 127 ili kifungike, yaani ratili 280. Kwa hiyo namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa resori moja. Kosa liko katika kuandika kilo bila kuandika sentimita, na hilo wauzaji wanalifanya mpaka leo, maana namba kubwa inauza.

Kwa sababu hiyohiyo, anayepata kilo 60 kwenye Jamar asishangae akishindwa na kibanio cha kilo 60. Jamar inapima vidole vikiwa katikati ya mwendo wao, pale vilipo na nguvu zaidi. Kibanio kinadai uzito wake wote mwishoni, vidole vikiwa vimekunjwa karibu na kiganja, pale vilipo dhaifu.

Siku hizi wapo wauzaji wa Ulaya na Marekani wanaopima kila kibanio na kukiuzia namba yake: hiki 148, hiki 156, vyote vikiwa namba 3. Vile vya plastiki vyenye kizungushio, vilivyoandikwa kilo 5 mpaka 60, hakuna anayevipima. Anayetaka kujua hahitaji maabara. Kunahitajika etau, kamba pana na bidoni za lita 20, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Funga mshikio mmoja barabara. Andika kwa kalamu umbali wa kamba kutoka kwenye resori. Tundika bidoni tupu, chini karibu na ardhi ili ikikatika isivunje mguu, kisha mimina maji lita kwa lita mpaka mishikio igusane. Bidoni yenyewe ihesabiwe, ni kama kilo moja. Kibanio kinachojisifu kilo 60 kitataka karibu bidoni tatu. Rudia kamba ikiwa nchani, kisha ikiwa katikati ya mshikio, na uandike namba zote mbili, kila moja na sentimita zake.